Anaongea mvua na mpira, mimi nataka kujua kama bado ananipenda

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka saba na minne. Nina miaka 36, naishi Tanga, nashona nguo nyumbani. Mume wangu ana miaka 43, anafanya kazi kiwandani kwa zamu. Huu ni mwaka wa tisa wa ndoa yetu. Sina malalamiko ya matumizi: pesa ya chakula inaachwa, ada inalipwa, halali nje, na hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini ndani ya nyumba najihisi niko peke yangu.

Akirudi jioni anaoga, anakula, anashika simu mpaka saa nne, analala kageukia ukutani. Akifungua mdomo ni habari zisizo na kichwa wala miguu: mvua itanyesha, timu imefungwa, yule mzee wa mkate wa kumimina kaacha kupita mtaani kwetu. Nikianzisha mazungumzo ya maana juu yetu sisi wawili anasema "tuyaache haya", anavaa ndala, anakwenda barazani kwa wenzake. Nikimfuata kwa maneno mpaka mlangoni anazidi kunyamaza. Nikimwandikia ujumbe mrefu WhatsApp anausoma, hajibu.

Mwezi uliopita alikuja na habari kwamba kafanywa kiongozi wa zamu. Nikamuuliza, mshahara umeongezeka? Akasema bado. Nikamwambia basi umeongezewa mzigo tu. Tangu siku hiyo ndiyo kanyamaza kabisa.

Kitandani ni miezi miwili sasa hakuna kitu. Mdogo bado analala nasi, lakini sidhani kama ndiyo sababu. Mara ya mwisho aliishia katikati, akageuka, hakusema neno. Mwaka jana aliambiwa ana presha na anakunywa vidonge kila siku. Sijui kama vinahusika. Nimepekua simu yake zaidi ya mara moja, sijaona mwanamke. Shoga zangu wanasema mchepuko upo ila kauficha vizuri. Wifi yangu ananiambia nimpikie supu ya pweza. Swali langu ni moja: huyu mtu bado ananipenda? Na kama ananipenda, nifanyeje na mtu asiyetaka kuzungumza?

Niliyechoka kubahatisha, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Majibu mengi unayoyatafuta yamo ndani ya barua yako, ila yamekaa kwenye mambo uliyoyapitia haraka: mvua, mzee wa mkate, ule uongozi wa zamu, vidonge vya presha. Nitaanzia huko. Swali la kama anakupenda naliweka pembeni kwanza, kwa sababu limekugeuza mtafuta ushahidi, na moyo wa mtu haupekuliwi kwenye simu yake. Kinachoonekana kwa macho, na kinachoweza kubadilishwa, ni namna mnavyoitana na mnavyoitikiana kila siku.

Mwaka 1990 mwanasaikolojia John Gottman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walitengeneza maabara iliyofanana na nyumba ya kawaida, yenye jiko, makochi na televisheni, wakaweka na kamera. Maharusi walikaribishwa wakae humo waishi kama wanavyoishi kwao. Watafiti waliangalia jambo dogo sana: mmoja anapotupa neno, jicho au mguso ili apate usikivu wa mwenzake, yule mwingine anafanya nini. Baada ya miaka sita waliwatafuta tena. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitikia miito ya wenzao mara 86 katika kila 100. Walioachana, mara 33. Hao ni Wamarekani, kwa hiyo usizichukue namba hizo kuipimia ndoa yako. Chukua hili: sehemu kubwa ya miito ile haikuwa na neno lolote la mapenzi. Ilikuwa habari ya hali ya hewa, chakula, kitu kinachopita nje ya dirisha.

Sasa rudi kwa mzee wa mkate. Mume wako anaposema "yule mzee kaacha kupita", hatafuti habari za mkate. Anakuita. Mwito huo una majibu ya aina tatu. Unaweza kuuitikia: "Eti ee? Labda anaumwa, hata watoto walimuulizia." Unaweza kuupuuza: "mmh", macho yakiwa kwenye cherehani au simu. Au unaweza kuukemea: "Sasa mimi mzee wa mkate ananihusu nini?" Watu wengi huogopa hilo la tatu, na kweli linauma, lakini lile la pili ndilo linalomaliza nyumba polepole. Mtu anayepuuzwa hagombani. Anapunguza kuita, kisha anaacha, na kwa wakati huo hakuna anayekumbuka ilianza lini. Sikuhukumu wewe peke yako hapa. Bila shaka yeye naye ameipuuza miito yako mingi kwa ile simu. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeandika.

Wiki ya kwanza, basi, usimkalishe kitako kwa lolote. Angalia tu. Weka kikaratasi kwenye droo ya cherehani, uchore vijistari: mara ngapi kwa siku alikuita kwa neno au jicho, mara ngapi uliitikia, mara ngapi wewe ulimwita, alifanyaje. Angalia zaidi nyakati tatu ambazo miito hujaa, yaani anapotoka, anaporudi na kabla ya kulala. Akiwa zamu ya usiku nyakati hizo zinahama, nawe hama nazo. Mwito wa kwanza utakaousikia, itikia kwa sentensi mbili na swali moja. Inatosha. Usijilazimishe kuchangamkia mpira usioujua, kwa sababu atatambua unaigiza. Uliza tu kitu ambacho kweli hukijui: "Hivi walifungwa nyumbani au ugenini?" Na kikaratasi hicho kisije kikawa hati ya mashtaka. Siku utakayomwambia "mimi nimekuitikia mara kumi, wewe mara mbili", kazi yote imeharibika.

La uongozi wa zamu lina uzito wake peke yake. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Shelly Gable na wenzake walichapisha utafiti juu ya namna wapenzi wanavyopokea habari njema za wenzao. Walizigawa namna hizo katika nne: kushangilia na kuuliza zaidi, kufurahi kimyakimya bila kuuliza, kuitafutia habari kasoro, na kubadilisha mada. Ile ya kwanza tu ndiyo iliyokwenda pamoja na ukaribu na kuridhika katika uhusiano. Nyingine zote, hata ule ukimya wa upole, zilikwenda na umbali. Wewe ulitafuta kasoro. Naelewa kwa nini: anayepanga bajeti ya nyumba husikia "cheo" akafikiria mchele. Swali la mshahara lilikuwa na haki ya kuulizwa, ila lilitangulia hongera, na mwanamume aliyekuja na furaha yake akaondoka na hesabu.

Hilo linarekebishika, na ningependa lirekebishwe kabla ya jambo lingine lolote. Tafuta jioni ambayo amekwishakula. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Siku ile uliponiambia umefanywa kiongozi wa zamu nilikimbilia mshahara. Hongera yako sikukupa. Hongera, baba. Walikuchagua kwa lipi hasa? Una watu wangapi sasa?" Kisha nyamaza usikilize. Usiongeze "lakini na wewe". Akijibu neno moja tu, pokea hilo neno moja, na keshokutwa uulize tena habari za watu wake wa zamu.

Twende kwenye kumfuata mpaka mlangoni. Mchezo huu, mmoja anabana, mwenzake anakimbia, umechunguzwa sana na Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Kadiri wewe unavyobana ndivyo yeye anavyokimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo unavyobana. Kila mmoja anajiona anajihami tu dhidi ya alichoanza mwenzake. Watu hupenda kusema ndivyo wanaume walivyo. Utafiti alioufanya na Christopher Heavey, uliochapishwa mwaka 1990, unaonyesha jambo lenye faida zaidi: anayebana ni yule anayetaka mabadiliko. Mada ikiwa ni ya mke, mke hubana na mume hukwepa. Mada ikiwa ni ya mume, tofauti hiyo inapungua sana. Kwa hiyo ukimya wake si lazima uwe dharau wala tabia ya kuzaliwa. Yeye amekaa tu mahali pa anayedaiwa mabadiliko.

Mwili nao una sehemu yake. Gottman na mwenzake Robert Levenson walipima mapigo ya moyo ya wanandoa wakiwa katikati ya mabishano. Moyo unapopita mapigo 100 kwa dakika mtu akiwa amekaa tu, masikio yanasikia lakini akili haipokei. Maneno ya mwenzake yote yanakuwa shambulio. Wengine hapo hupiga kelele. Wengine huganda, macho sakafuni, mdomo umefungwa, na katika wanandoa waliochunguzwa na Gottman waliofanya hivyo walikuwa wanaume kwa takriban 85 katika 100. Kwa nje anaonekana hajali. Kwa ndani moyo unakwenda mbio. Ukimfuata mlangoni wakati huo unaongea na mtu asiyeweza kukusikia hata akitaka.

Dawa ya hapo ni mapumziko yenye masharti, na mkubaliane juu yake siku ambayo hamna ugomvi. Sharti la kwanza, yeyote anaruhusiwa kuyaomba, kwa neno moja mlilolichagua pamoja. La pili, anayetoka anataja saa ya kurudi: "Nipe nusu saa", si "tuyaache haya". Yasipungue dakika 20, kwa kuwa mwili unahitaji angalau muda huo kutulia, na yasivuke siku moja, la sivyo yanageuka kususa. La tatu ndilo linalovunjwa zaidi: wakati wa mapumziko usijitungie majibu. Ukikaa jikoni unapanga utakachomwambia akirudi, moyo hautulii na zile dakika 20 zimepotea. Fua, tembea, sali, sikiliza redio.

Ukitaka kujipima, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kwa mume wako kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hupunguza kasi ya moyo. Kwake angalia taya lililokaza, jasho, na kurudia sentensi ileile.

Namna ya kuanza mazungumzo ndiyo inayoamua yataishia wapi. Sybil Carrère na Gottman, mwaka 1999, walionyesha kwamba dakika tatu za mwanzo za mabishano ya maharusi zilitosha kuonyesha ni ndoa zipi zilikuwa hatarini kuvunjika. Kwa hiyo usianze na "wewe siku hizi", "wewe kamwe" au "mwanamume gani asiyeongea". Anza na tukio moja lenye siku yake, kisha ulivyojisikia, kisha ombi moja linaloweza kufanyika. Mfano: "Jumapili ulipotoka nikiwa bado naongea, nilijisikia mpweke. Naomba Ijumaa baada ya chakula tukae nusu saa, simu zote mezani." Ombi la "ubadilike" halitekelezeki. Ombi la Ijumaa nusu saa linatekelezeka. Usianze akiwa na njaa, usianze kitandani, usianze saa nne usiku. Ujumbe mrefu wa WhatsApp uache kabisa, kwa sababu anausoma bila kuona uso wako, na pale penye huzuni yeye anasoma hasira.

Lipo na la kila siku: dakika 20 baada ya kuoga na kula, kumi zake na kumi zako, za kuzungumzia mambo ya nje ya ndoa. Kiwanda, wateja wako, nauli, jirani. Anayesikiliza hatoi suluhisho asipoombwa, na anakuwa upande wa mwenzake. Akisema msimamizi kamkaripia mbele za watu, usimwambie "nawe ulichelewa". Mwambie "mbele za watu? hiyo imekuuma". Wanaume wengi wasioweza kuzungumza juu ya "sisi" wanaweza kuzungumza juu ya kazi, na ukaribu unaingia kwa mlango huo bila kutajwa jina. Siku za mwanzo atatumia dakika mbili, si kumi. Usimhesabie.

Sasa kwa nini ukimya wake unakuuma kiasi cha kukufikisha kwenye simu yake? Hapa nitakupeleka Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Kampala mwaka 1954 na akatembelea familia 26 za vijiji vya jirani, nyumba kwa nyumba, akiangalia watoto wachanga na mama zao kwa miezi mingi. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali, akageuka kumtazama, akaendelea na michezo yake. Asiye na uhakika hung'ang'ania, hulia, haendi popote. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha utafiti uliotokana na maswali waliyoyaweka gazetini kule Denver, Marekani, kuwauliza wasomaji juu ya mapenzi yao. Walikuta mfano uleule kwa watu wazima: zaidi kidogo ya nusu walijisikia salama kumtegemea mwenza, karibu robo walikwepa ukaribu, waliobaki waliishi na hofu ya kuachwa.

Usiitumie elimu hii kumbandika mume wako jina. Mtu huyohuyo anaweza kuwa na uhakika kwa mke mmoja na kuwa na hofu kwa mwingine, na hali hiyo hubadilika mwenza anapoitikia kwa namna inayotabirika. Nimekutajia ili ujue kwamba hofu yako si ujinga wala udhaifu. Mtu mzima naye huhitaji kugeuka na kukuta mwenzake yupo. Ila kupekua simu hakuiponyi. Ukiikuta safi unapumua jioni hiyo, kesho shaka inarudi na kudai upekue tena, kwa sababu uliyemtafuta ni mwanamke mwingine, wakati unachokikosa ni mume. Kama una shaka ya kweli muulize kwa mdomo mara moja, kwa utulivu, akiwa ametulia. Katika uliyoandika sioni dalili za mchepuko. Naona dalili za mtu aliyeaibika.

Aibu hiyo inatupeleka kitandani. Mwanamume wa miaka 43, mwenye presha, aliyeishia katikati akageukia ukutani bila neno: kinachowezekana zaidi ni kwamba mwili ulimwangusha, na hakujua la kusema. Akisha kuangushwa mara moja, safari ijayo anakwenda kitandani akijichungulia kama ataweza, na kule kujichungulia ndiko kunakomwangusha tena. Baada ya hapo anakwepa hata kukushika bega, kwa kuogopa kwamba bega litaleta mtihani. Ndiyo maana anakaa na simu mpaka usinzie. Mke naye anasoma: hanitaki.

John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey, chuo kikuu cha Indiana, Marekani, walieleza hamu ya mwili kama gari lenye mafuta na breki zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuwa anakanyaga mafuta, lakini breki zikiwa zimeshikwa na hofu, uchovu, deni, ugomvi au mtoto aliyelala katikati, gari haliendi. Supu ya pweza ni chakula kizuri, mpikie akiipenda. Kwa tatizo lenu, hata tukiipa sifa zote inazopewa, ingekuwa ni kuongeza mafuta tu. Zilizoshikwa ni breki.

Breki ya kwanza ni ya hospitali. Presha yenyewe huathiri mishipa ya damu, na baadhi ya dawa zake, hasa zile za kukojoza na baadhi ya zile za kupunguza kasi ya moyo, zinaweza kupunguza nguvu za uume. Asiache vidonge hata siku moja. Presha isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi na huharibu mishipa ileile. Aende kliniki yake na kifurushi cha vidonge mkononi, amwambie daktari wazi: "Tangu nianze dawa hizi, tendo la ndoa linanishinda." Zipo dawa mbadala za presha zisizo na tatizo hilo kwa wengi. Apimwe na sukari, kwa sababu kisukari huleta hali hiyohiyo. Ajue pia kwamba udhaifu huu wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa moyo, kwa hiyo kuusema mapema kunaweza kumwokoa. Dawa za nguvu za kiume za mitaani asizishike. Baadhi huchanganywa kwa siri na sildenafil, ambayo kwa mtu anayetumia dawa za maumivu ya moyo za aina ya naitreti inaweza kushusha presha ghafla kiasi cha kuua.

Mpeleke huko kwa mlango wa presha, si wa uanaume. "Twende tukaangalie presha, na tumuulize daktari kama dawa hizi zina madhara mengine" ni sentensi ambayo mwanamume anaweza kuikubali.

Breki ya pili ni ule mtihani. Hapa njia iliyokaa muda mrefu ni ya William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis, Marekani, waliyoitangaza mwaka 1970. Kwanza mnaondoa tendo lenyewe, kwa makubaliano. Mhamishe mtoto, hata kama ni kigodoro chini upande wa pili wa pazia. Mara mbili au tatu kwa wiki, mlango umefungwa na simu ziko nje ya chumba, mmoja amguse mwenzake kwa dakika 15, kisha mbadilishane. Kichwa, shingo, mgongo, mikono, miguu. Matiti na sehemu za siri haziguswi. Anayegusa hatafuti kumwamsha mwenzake. Anasikiliza tu joto na ngozi chini ya mkono wake. Anayeguswa ana kazi moja, kusema kama kitu kinauma au kinakera. Hata mwili ukikubali siku hiyo, tendo halifanyiki.

Wiki ya tatu ya zoezi hili ongezeni sehemu mlizoziacha, bado bila lengo. Uume ukisimama, ni sawa; ukilala, uacheni ulale, endeleeni kugusana pengine, mtaona mara nyingi unarudi wenyewe. Kuungana kunakuja baadaye, taratibu, na kunaweza kukatishwa wakati wowote bila mtu kuomba radhi. Wengi huharibu kwa kuvunja sharti siku ya pili kwa sababu "mambo yalikuwa mazuri". Ikishindikana siku hiyo, hofu yote inarudi na mnaanza upya. Na wewe usihangaike kama hamu yako haiji kabla ya kuguswa. Daktari Rosemary Basson wa Vancouver, Kanada, alieleza mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi walio kwenye ndoa ya muda mrefu, hamu hufuata mguso, haiutangulii.

Namna ya kumwambia: si kwa kikao. Mkiwa mmelala mwambie kwa sauti ya chini, "Wiki hizi sitaki tendo, nataka tu kulala karibu nawe. Nikande mgongo, nami nikukande, tuishie hapo." Akikataa usiku huo, sema sawa, umshike mkono, ulale.

Fuata mpangilio huu: hongera na kuitikia wiki ya kwanza, dakika 20 za jioni na neno la mapumziko wiki ya pili, kliniki kabla mwezi haujaisha, mguso ukianza baada ya hongera kupokelewa. Mkichanganya vyote wiki moja atahisi amewekewa mtego. Usitegemee pia kwamba atageuka msemaji. Gottman alikuta kwamba takriban 69 katika kila 100 ya migogoro ya wanandoa haimaliziki, kwa sababu inatoka kwenye tofauti za asili za watu wawili, na waliofurahia ndoa zao walikuwa nayo vilevile. Huenda maisha yote akawa mtu wa mvua na mpira, huku anakupenda.

Shoga zako usiwape tena taarifa za chumbani. Baada ya miezi mitatu ya kujaribu bila dalili yoyote, tafuteni mtu wa tatu anayejua kutunza siri: mshauri wa wanandoa aliyesomea, afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au kiongozi wa dini ambaye nyote wawili mnamheshimu na si ndugu wa upande wowote. Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lililowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, liache mpaka mtakapokuwa mnafikiria kweli kuachana. Ukimwona hana usingizi wiki mbili mfululizo, hali chakula, haoni raha ya kitu chochote, au anasema bora asingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Usisubiri mwezi uishe, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Na niliyoandika hapa ni ya nyumba ambayo hakuna anayemwogopa mwenzake. Siku akikupiga, akikutishia au akikufungia ndani, acha mazoezi haya yote na uende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.